Mhariri na Maneno ya Wenyewe

Wako wadhanio kuwa kuhariri kitabu ni kusahihisha herufi tu. Mimi niifanyaye kazi hii kwa kujitegemea, bila ya mwajiri, nasema sivyo.

Majuzi ulinifikia mswada wa hadithi kutoka Kithyoko, Machakos. Mwandishi, katika masimulizi yake, kaandika "kitu hii". Hilo nililirekebisha bila ya kuuliza. Mbele kidogo, mama wa hadithi anapika muthokoi. Aliyekulia Mombasa mkono humwasha aandike "pure". Lakini mama wa Ukambani akipikishwa pure, hadithi imekwisha kuhama nyumbani kwake!

Nasi watu wa pwani ndio tuwajibikao kulijua hili. Mashairi ya Muyaka, ambayo Mwalimu Sikujua alisaidia kuyakusanya na kuyafasiri Mombasa katika karne ya 19, yalichapwa Johannesburg mwaka 1940. Ubeti wa Kimvita ukiishia kwa "mato", mhariri akaandika "macho", kina kimekwenda na maji.

Basi kwa nini Mkamba anyang'anywe muthokoi wake? Neno nimeliacha. Maana yake nimeitia mwisho wa kitabu, baada ya kumwuliza mwenyewe.