Punda Mzee Hakondeshwi na Miaka

Uliza sokoni Katoro, mkoani Geita, kwa nini punda fulani wa mkokoteni amebaki mbavu, utajibiwa papo hapo. Mnyama wa jamii ya farasi anayezeekea mikononi mwetu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, ni punda, na majibu hayo ya haraka yanamgharimu yeye.

"Amezeeka, lazima akonde." Hili ndilo baya kuliko yote, maana likishasemwa hakuna anayetafuta sababu. Mara nyingi sababu iko kinywani. Magego ya punda hutokeza kwenye fizi milimita 2 au 3 kila mwaka, na nyasi ngumu huyasaga kwa kadiri hiyohiyo. Taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo kingo za nje za magego ya juu na kingo za ndani za yale ya chini hazisuguani vizuri. Hubaki na ncha kali zinazochana mashavu na ulimi. Akivuka miaka 20, akiba ya jino inaanza kuisha: moja linalegea, jingine linang'oka, na lililokosa mwenzake wa kusagana naye linarefuka na kuchoma fizi ya upande wa pili. Mnyama ana njaa, hori limejaa, na bado hali.

Angalia chini ya hori. Ukikuta mafundo ya nyasi yaliyotafunwa nusu na kutemwa, au ukiona nyuzi ndefu na punje nzima kwenye mavi, umepata jibu. Daktari wa mifugo husugua ncha hizo kwa tupa maalumu na kung'oa jino bovu. Punda wa namna hii mabua makavu ya mahindi hayamfai kitu, na yanaweza kumziba utumbo. Mpe nyasi changa zilizokatwa fupifupi, majani ya viazi vitamu, majani ya karanga yaliyokaushwa vizuri, na pumba zilizolowekwa zikawa kama uji mzito.

"Basi mjazie pumba, atanenepa." Hapa kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo ina hatari. Punda hacheui kama ng'ombe. Nyasi zake huvundikwa na vijidudu kwenye utumbo mpana. Wanga mwingi ukiingia kwa mkupuo hufika huko haujameng'enywa, ukageuka asidi. Matokeo ni msokoto wa tumbo, au kwato kuvimba kwa ndani hadi mnyama ashindwe kusimama. Punda wa kilo 150 hula kama kilo 2 hadi 3 za chakula kikavu kwa siku, na sehemu kubwa iwe majani. Pumba anza na konzi chache, asubuhi na jioni, uongeze taratibu kwa wiki mbili. Tia na chumvi kidogo.

Pumba zikinuka ukungu, zimwage. Sisemi hivi kwa kupenda usafi. Mahindi yenye ukungu hubeba sumu ya fumonisini, iliyotambuliwa na watafiti wa Afrika Kusini mwaka 1988, nayo huozesha ubongo wa wanyama wa jamii ya farasi. Punda huanza kuyumba, hugonga ukuta, hufa.

"Chakula cha kuku kina nguvu, mchanganyie." Usithubutu. Baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe hutiwa dawa iitwayo monensini. Kuku huivumilia, moyo wa punda huharibika kwa kiasi kidogo tu.

"Mbona tumbo lake kubwa? Ameshiba huyo." Tumbo kubwa huweza kuwa nyasi duni zilizokaa muda mrefu ndani, au minyoo. Hata shingo nene isikudanganye, kwani mafuta ya shingoni hubaki pale wakati mwili mwingine unaisha. Pitisha kiganja mbavuni, mgongoni na nyongani. Mifupa ikichomoza, amekonda, tumbo liseme litakalo.

"Punda ni sugu, anastahimili kiu." Anastahimili, ila hamu ya kula inakatika. Na akigoma kula, usingoje kesho kutwa: mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kuziba ini, na wengi hawaponi. Maji yawe safi. Madimbwi ya kuchenjulia dhahabu yana zebaki au sianidi. Mfunge mbali nayo.

"Kiangazi hakuna malisho." Hili wazee wa Usukuma walishalijibu kwa ngitili, eneo la nyasi linalofungwa masika ili lilishe wanyama dhaifu wakati wa ukame. Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulizifufua ngitili nyingi. Nani amekataza kutenga kona moja ya shamba kwa ajili ya punda aliyekuchotea maji miaka yote?

Linabaki la wafanyabiashara: "Kakonda, muuze ngozi." Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15, maana mahitaji ya China yalikuwa yanamaliza punda. Kwa hiyo anayekushawishi anakutumbukiza kwenye biashara ambayo bara zima limeamua kuisimamisha.

Kabla ya kununua debe jingine la pumba, mwite afisa mifugo amfungue punda wako mdomo.