Ushuhuda wa uponyaji Mbeya na Iringa: dozi nani anaiuliza?

Jumapili mchana, iwe Mwanjelwa pale Mbeya au Kihesa pale Iringa, vipaza sauti vya makanisa vinapokezana. Kipindi ambacho watu hawataki kukikosa, pengine kuliko hata mahubiri, ni ushuhuda. Mtu anasimama, anaeleza alivyoumwa, alivyoombewa, alivyopona. Kanisa zima linalipuka kwa shangwe.

Muujiza unahitaji mashahidi. Waliofunga na kukesha na mgonjwa wanajiona nao wamo kwenye ule uponyaji. Ndiyo maana wiki inayofuata hakuna anayethubutu kuuliza: vipi, dawa bado unameza?

Na huku kwetu swali hilo ni zito. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Jirani zao Njombe ni 12.7. Wastani wa nchi nzima ni 4.4 tu.

Utata mwingi unaanzia kwenye karatasi ya majibu. Mtu akimeza ARV vizuri kwa miezi kadhaa, kipimo cha wingi wa virusi kinaweza kusema "havionekani". Mtaani watu wanasikia "havipo". Kumbe virusi vimejificha ndani ya seli, na ukiacha dawa, kwa wengi vinarudi ndani ya wiki chache tu. Lakini ushuhuda umeshatolewa, tena kwa kipaza sauti.

Tulishaliona hili mwaka 2011. Maelfu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa KKKT, kwa Sh500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Wapo waliorudi nyumbani na kuacha ARV.

Ila kuwabebesha walokole lawama zote siyo haki. Hospitali ya Ilula ni ya Walutheri, Tosamaganga ni ya Wakatoliki: imani zilezile zinazoombea wagonjwa ndizo zinazowatibu. Na jumuiya, hasa zile ndogo za nyumba kwa nyumba, zinafanya kazi ambayo hakuna bajeti ya serikali inayoifikia. Mama wa jumuiya anakupikia uji, anakuchangia nauli ya bodaboda kwenda CTC, anabaki na watoto mpaka urudi. Mgonjwa mwenye watu wa aina hiyo ana sababu ya kuendelea na dozi. Maombi hapo hayagombani na kidonge hata kidogo.

Shida inakuja pale mchungaji anapogeuza kuacha dawa kuwa kipimo cha imani. Aliyepona anapewa kipaza sauti. Aliyezidiwa tena miezi minane baadaye hapewi, na akijitokeza ataambiwa imani yake ndogo. Kwa hiyo anakaa kimya. Anaacha ibada kwa aibu, na CTC nako haendi kwa kuogopa kugombezwa.

Kliniki wana orodha ya watoro wa dawa, wanajaribu kuwatafuta kwa simu. Namba nyingine hazipatikani. Lakini pale kwenye benchi alipokuwa anakaa kila Jumapili, watu wanajua nyumbani kwake ni wapi.