Mbegu za malenge si taka

Pita sokoni Kangemi asubuhi yoyote. Mama mboga anapasua malenge, anakata vipande vya kuuza, kisha mbegu anazikwangua na kuzitupa kwenye gunia la taka. Sasa panda boda hadi Kitisuru, safari fupi tu. Mbegu zile zile, zimeambuliwa ganda, zinakungoja dukani kwenye pakiti ndogo. Ukiona bei utaangalia salio la M-Pesa mara mbili.

Wenye pesa zao wanunue, hatuna neno. Kinachotukera ni kwamba kijana anayelinda geti au kubeba mawe kwenye mijengo ya Kitisuru ameaminishwa kuwa lishe bora ni mambo ya mabwanyenye, naye anashindia chai na mandazi.

Hebu tupige hesabu. Kiganja cha mbegu zilizoambuliwa, gramu 30 hivi, kina takriban gramu 9 za protini. Yai moja lina kama 6. Karibu nusu ya uzito wa mbegu ni mafuta, na mengi ni yale yasiyodhuru moyo. Kuna magnesiamu zaidi ya miligramu 150, ambayo misuli huihitaji, na miligramu 2 na ushee za zinki, madini ya kujenga kinga na kuponya vidonda. Mwanamume mzima anahitaji 11 kwa siku, mwanamke 8.

Zinki hiyo si mchezo hapa kwetu. Utafiti wa kitaifa wa virutubisho wa 2011 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya watoto ambao hawajaanza shule walikuwa na upungufu wake. Mwaka uliofuata, kuongeza zinki na chuma kwenye unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti kukawa lazima.

Lakini tusidanganyane. Mbegu hizi zina fitati, ambayo huzuia mwili kufyonza zinki na chuma yote iliyomo. Kuziloweka usiku kucha kunasaidia kiasi. Na wale wanaosambaza video WhatsApp wakiziuza kama dawa ya nguvu za kiume, waulize ushahidi uko wapi. Hiki ni chakula, basi. Tena kizito: kiganja hicho kina kalori kama 170, kwa hivyo usizifakamie kama njugu za kwenye matatu.

Ukinunua malenge, sema tu, "Mama, niwekee na mbegu." Pengine atakupa bure. Osha zile nyuzi, loweka, anika juani, kisha kaanga kwa moto mdogo mpaka zianze kupasuka. Ukipenda, tia chumvi kidogo. Ganda pia linalika ukitafuna vizuri. Uganda watu huzisaga wakatia kwenye mchuzi, na sioni kwa nini sukuma wiki yetu isionje utamu huo.

Ila usichukue zile za agroveti za kupanda, hasa zenye rangi. Hizo hupakwa dawa.