Ruzuku ya Mtu kwa Jina Lake

Kwa katiba yake ya 1995, kwa sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020, na kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa iliouridhia mwaka 2008, Serikali ya Uganda imekiri mbele ya walimwengu kwamba mlemavu ni raia kamili mwenye haki na hadhi. Lakini mlemavu huyo akishuka kutoka vilima vya juu ya Kitswamba, wilayani Kasese, akafika makao ya gombolola akiwa taabani, akauliza ni fungu gani katika hazina ya taifa lililotengwa kwa ajili yake yeye, mtu asiyeweza kushika jembe wala kujitwika mzigo, jibu atakalopewa, ikiwa aliyeketi mezani ni msema kweli, ni kwamba hakuna. Kuna fungu la kikundi chake, kama anacho kikundi. Kuna fungu la uzee wake, akijaaliwa kuuona mwaka wa 80. Kuna fidia ya mwajiri wake, kama aliwahi kuajiriwa. Fungu lake mwenyewe, la kila mwezi, kwa jina lake na kwa sababu ya hali ya mwili wake, halipo. Nami nadai kwamba linapasa kuwapo, na kwamba hayo mengine yote, pamoja na uzuri wake, hayawezi kushika mahali pake.

Tulitazame kwanza fungu la vikundi, maana ndilo linalotajwa kila viongozi wanapoulizwa habari za walemavu. Ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu ilianza katika mwaka wa fedha wa 2009/10, ikapangwa upya mwaka 2020, na kikundi kilichokubaliwa huweza kupata hadi shilingi milioni 5 za kuanzishia biashara: kufuga mbuzi au kuku, kushona nguo, kununua na kuuza kahawa. Ili wakubaliwe, wanachama hawana budi kuchagua viongozi, kujiandikisha, kufungua akaunti ya benki, kuuandika mradi wao na kuupitisha kwa afisa wa maendeleo ya jamii, kisha wilayani, kisha wangoje. Sina ugomvi na mpango huo kwa mtu auwezao. Huko Busia, kwenye mpaka wa Kenya, waendao kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono wamejulikana miaka mingi kuwa wachukuzi hodari wa bidhaa, na mtu wa namna hiyo ukimpa mtaji umempa kile hasa alichokikosa. Kosa liko katika kudhani kwamba kila mlemavu ni mfanyabiashara aliyepungukiwa na mtaji tu.

Kikundi cha watu 10 kikipewa milioni 5, sehemu ya kila mmoja ni shilingi 500,000, mara moja, pengine ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Wala si fedha za kula, ni za mbuzi, na mbuzi akifa kwa maradhi ruzuku imekufa naye. Zaidi ya hayo, kikundi kina mwenyekiti, na mwenyekiti aghalabu ni yule mwenye nguvu kuliko wenzake, ajuaye kusoma, anayekaa karibu na barabara, mwenye simu isiyozimika. Sisemi kwamba kila mwenyekiti ni mla mali ya wenziwe, nasema kwamba mpango unaomtaka aliye dhaifu kabisa apitie mikononi mwa aliye imara ndipo apate haki yake umeyaacha mengi yategemee hisani ya huyo aliye imara.

Wako tena wasioufikia hata mlango wa kikundi. Siku ya mkutano wa gombolola utamwona mtu aliyeshikwa na polio utotoni akija kwa mikono na magoti, viganja amevivika kandambili, magotini amejifunga vipande vya tairi kuukuu. Huyo amefika, kwa kuwa nyumba yake haiko mbali na barabara kuu iendayo Fort Portal. Mwenzake akaaye juu, kule migomba na mibuni iotako kwenye miteremko ambayo hata mwenye miguu miwili mizima huipanda akihema, hakufika. Na kiti cha magurudumu alicholetewa siku moja na wahisani, picha zikapigwa na hotuba zikatolewa, kimesimama nyuma ya nyumba na kuku wanatagia juu yake, kwa sababu kiliundwa kwa ajili ya nchi tambarare. Na yuko mama ambaye mwanawe wa miaka 12 hawezi kukaa pasipo kuegemezwa, hawezi kumeza ila uji, na kifafa humwangusha usiku. Mama huyo haendi shamba ila apate wa kumwachia, haendi sokoni, na akienda hospitali humfunga mwanawe mgongoni kama mtoto mchanga, miguu ya kijana ikining'inia hata kwenye mashavu ya miguu ya mamaye. Kanuni za vikundi humruhusu mlezi aingie badala ya mtoto, na huo ni wema ambao sina budi kuutaja. Bali mtu ambaye mchana wake wote umekwisha kuliwa na kazi ya kuuguza, huo mradi wa nguruwe atausimamia saa ngapi?

Wilaya ya Kasese ina sababu yake ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka wakaishambulia Mpondwe, karibu na Bwera, na vita vilivyofuata katika milima ya Rwenzori viliacha mabomu ya ardhini kwenye njia za watu waendao mashambani. Mwishoni mwa 2012 Uganda ilitangaza kwamba maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu yamekwisha kusafishwa. Ardhi ikapona, miguu haikuota. Mguu wa bandia huchakaa, na mwili ukikonda au kunenepa haukai tena sawasawa, na karakana ya kuutengeneza iko Fort Portal, wala si Bwera. Basi mkulima aliyekatwa mguu miaka hiyo hulazimika kutafuta nauli, chakula cha njiani na mahali pa kulala, ili mradi aweze kutembea kama jirani yake atembeavyo bure. Gharama ya namna hii haina faida ya kuonyesha mwisho wa mwaka, nayo hairudishwi na mradi wowote. Ni kodi inayotozwa mwili wenyewe, na mlipaji wake ni mmoja.

Mfano ulio karibu zaidi na fungu ninalolidai tunao hapa hapa nchini, nao ni malipo ya wazee chini ya mpango wa SAGE, ulioanza mwaka 2010 na kujaribiwa katika wilaya chache kwa fedha za serikali pamoja na za Uingereza na Ireland. Shilingi 25,000 kwa mwezi, apewe mzee mwenyewe, asiulizwe mradi. Ni fedha kidogo, na mara nyingi huchelewa zikalipwa kwa mkupuo. Hata hivyo hununua sabuni, chumvi, dawa na kipande cha nyama, na mzee anayetoa chumvi ya nyumba hasemeshwi kama mzigo. Lakini mpango ulipoenezwa nchi nzima katika mwaka wa fedha wa 2020/21, umri wa kuanzia uliwekwa miaka 80, na ithibati ya umri ikafungamanishwa na kitambulisho cha taifa, Ndaga Muntu. Mzee aliyezaliwa zama ambazo kijijini hapakuwa na cheti cha kuzaliwa, ambaye karani alimkisia mwaka akamwandikia, hukuta kwamba mbele ya serikali yeye ni kijana wa miaka 71. Na yule ambaye jembe limezisaga alama za vidole vyake, mashine haimtambui. Mambo hayo yalichunguzwa yakachapishwa mwaka 2021 na mashirika ya haki, ISER likiwa mojawapo, na mwaka uliofuata yakafikishwa mahakamani. Nimeyataja kwa sababu mlemavu atakumbana nayo maradufu: mashine iliyomkataa mwenye vidole vilivyosagika itamfanyia nini asiye na vidole kabisa?

Hayo mengine nitayapitia kwa haraka. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi humpa aliyelemaa kabisa kazini malipo yalinganayo na mapato yake ya miezi 60, na jedwali lake limehesabu hata vidole. Ila humtaka awe na mwajiri, na mwendesha bodaboda au mvuna chumvi wa Katwe ajitegemeaye hana. Mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, NSSF, humlipa mwanachama ambaye ulemavu umemtoa katika kazi, na tangu 2022 mwanachama mlemavu aliyefika miaka 40 na kuweka akiba miaka 10 huweza kuchukua mapema hadi nusu ya akiba yake. Lakini hiyo ni mali yake mwenyewe anayorudishiwa, wala si auni ya mtu. Sheria ya wanyamapori ya 2019 nayo imeweka fidia kwa aliyejeruhiwa na tembo, mamba na wanyama wengine wakali, jambo lenye maana kubwa kwa jirani wa mbuga ya Queen Elizabeth. Hivyo aliyevunjwa mguu na tembo anao mlango wa kubisha, na aliyelemazwa na polio katika kijiji kile kile hana. Sioni insafu yoyote hapo, wala sijamsikia mtu akijaribu kunionyesha.

Wapinzani wa fungu hili husema kwanza kwamba fedha hazitoshi. Kenya ilianza mwaka 2011 kuwalipa watu wenye ulemavu mkubwa shilingi zake 2,000 kwa mwezi, zikipokelewa na walezi wao, na ijapokuwa malipo hayo yamechelewa mara kwa mara na walengwa wakalalamika, hakuna aliyethubutu kusema yafutwe. Zanzibar, nchi ya visiwa isiyo na mafuta wala dhahabu, ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi kutoka katika mfuko wake, pasipo kumngoja mfadhili. Wala sidai alipwe kila mwenye kuona kwa taabu au kusikia kwa shida, kwa maana sensa ya 2014 iliwakuta wenye ulemavu wa namna moja au nyingine kuwa zaidi ya 12 katika kila watu 100 wa miaka 2 na kuendelea, na hao wote hazina haiwezi kuwabeba kwa mara moja. Tuanze na wasioweza kujilisha, kujiosha wala kuinuka pasipo mtu. Hao hakuna atakayewaambia kwamba ruzuku itawafanya wavivu.

Husema tena kwamba watu watadanganya. Hoja hii ina uzito zaidi, kwa kuwa Uganda ilikwisha kujaribu, ndani ya SAGE hiyo hiyo, ruzuku ya familia dhaifu, zikiwamo zenye walemavu, na haikudumu. Familia zilichaguliwa kwa hesabu ya alama zilizojumlishwa mbali na kijiji. Fulani akapata, jirani yake mwenye dhiki ile ile akakosa, na aliyekosa alipouliza sababu hakuna mtu kijijini aliyeweza kumweleza, yakazuka manung'uniko na husuda, na ruzuku hiyo ikaachwa ilhali ya wazee ikaendelea. Ya wazee iliendelea kwa kuwa sharti lake lilieleweka na kila mtu, hata na yule lililomkataa. Sharti la ulemavu mkubwa laweza kuelezwa kwa lugha nyepesi vivyo hivyo: je, mtu huyu hula, huoga na huinuka bila kusaidiwa? Udanganyifu wa jambo hilo ni mgumu kijijini, mahali ambapo jirani anajua ni nani aliyetoka nje jana na ni nani aliyetolewa.

Kinachobaki ni namna ya kupima, na hapa ndipo mipango mingi mizuri huharibika, kwa sababu humwita asiyeweza kutembea aje athibitishe kwamba hawezi kutembea. Mpimaji na apande yeye. Mganga wa kituo cha afya, mhudumu wa afya wa kijiji, na diwani wa watu wenye ulemavu, ambaye sheria imemweka katika kila baraza, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wafike mpaka nyumbani, wamwone mtu kitandani pake, wamsikilize anayemlea, na waandike palepale. Kadi ya taifa ikiwa haipo, maneno ya mwenyekiti wa kijiji, LC 1, yakubaliwe kwa muda mpaka itakapopatikana. Kiasi kiwe kile kile cha wazee kwa kuanzia, na mlezi aandikiwe haki ya kupokea. Na yule atakayekataliwa apewe karatasi yenye sababu, tarehe, na jina la ofisi ya rufaa isiyo mbali kupita mji wa Kasese, na karatasi hiyo isomwe kwa Lhukonzo, kwa sauti, kabla wapimaji hawajaondoka uani.