Mngurumo wa Gitaa Haupimwi kwa Wingi

Ni desturi ya wapigaji wa gitaa la umeme, wanapolinganisha amplifaya za mngurumo mkali, kuuliza kwanza ni ipi ingurumayo zaidi. Nami naona kwamba swali hilo halina faida kubwa, kwa kuwa tangu miaka ya 1980 mafundi wamekwisha kuzipanga valvu moja baada ya nyingine hata sauti ikakwaruza kupita haja ya mpigaji yeyote. La kuulizwa ni hili: besi hupunguzwa wapi, kabla ya mkwaruzo au baada yake?

Itazame Mesa/Boogie Mark IIC+ ya California, ambayo Metallica waliitumia kurekodi Master of Puppets ya mwaka 1986. Humo vitufe vya besi na vya sauti nyembamba vimetangulia hatua za mkwaruzo. Basi mpigaji akiizidisha besi hapo, noti za chini hurojeka zikachanganyikana, ilhali akiipunguza karibu yote, kisha akairejesha kwa vitelezi vitano vya mwishoni, hupata pigo kavu lililokaza, kila noti ikijitenga na mwenziwe.

Marshall JCM800 ya Uingereza ina tabia nyingine. Vitufe vyake huja baada ya mkwaruzo wa mwanzo, na besi hupunguzwa njiani na vipuri ambavyo mpigaji havigusi, hata sauti za kati zikashika uongozi. Dual Rectifier, ya Mesa/Boogie pia, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, nayo vitufe vyake hufuata mkwaruzo, lakini besi huiachia ipite kwa wingi. Ikipigwa peke yake chumbani hutisha, bali penye ngoma na gitaa la besi hugombania mahali pasipo pake.

Atakuwapo mwenye kuhoji kwamba spika ndiyo yenye kauli ya mwisho, na si haba ukweli wa hoja hiyo. Walakini spika, iwe bora namna gani, haiwezi kuzitenganisha noti zilizokwisha kuvurugika kabla ya kuifikia.

Kwa hiyo mnunuzi aurudishe mkwaruzo hadi nusu, aupige uzi mnene wa sita huku kiganja kimeugusa, asikilize kama noti zakatika au zaburutana; hayo yakimridhisha, ndipo aulize bei.