Stichi Ndefu Si Uvivu, na Bei Yake Si ya Kutupa

Kuna utani mmoja umenichosha. Mtu akionyesha topu ya kroshia yenye matundu, lazima atokee msee wa kuuliza, "Sasa hapa unatuuzia hewa?" Watu wanacheka, aliyefuma anacheka pia, halafu anashusha bei. Hapo kwa kushusha bei ndio mimi hukasirika.

Tuelewane kwanza. Stichi ndefu ni ile unanyoosha makusudi ipite kimo cha kawaida, ndio kazi itoke na urembo. Njia ni kadhaa. Unaweza kuzungusha uzi kwa sindano mara mbili, tatu au hata nne kabla ya kudunga, kisha unatoa vitanzi viwili viwili hadi kibaki kimoja. Kila mzunguko unaongeza kimo. Unaweza pia kudunga chini, laini mbili au tatu nyuma, uvute uzi hadi juu. Hiyo wengi huiita spaiki, na ukiweka rangi mbili inatoka kama miali ya jua.

Kuna fundo la Sulemani: unavuta kitanzi kirefu, unakifunga na stichi moja fupi, unaendelea hivyo hadi upate wavu mwepesi kabisa. Na kuna lesi ya mti wa ufagio. Unavalisha vitanzi kwa mti mnene, unavitoa vitano vitano na kuvifunga pamoja, vinajipinda kama macho ya manyoya ya tausi. Mpini wa mwiko ukiwa laini unafanya hiyo kazi poa sana. Mathe akiutafuta, usiseme ni mimi nimekutuma.

Sasa wanaosema hii ni njia ya mkato, ngoja niwaambie. Stichi fupi zilizobanana zinaficha mengi. Mkono ukiteleza kidogo hapa na pale, nani ataona? Stichi ndefu haina pa kujificha. Ukivuta spaiki sana, kitambaa kinakunjamana. Ukiilegeza, inaning'inia kama uzi uliochomoka. Kwa fundo la Sulemani, kitanzi kimoja kikiwa sentimita 2 na kinachofuata 3, bega moja la topu linashuka kuliko lingine na kila mtu analiona. Ndio maana wanaojua hupima kila kitanzi kwa kidole au penseli. Hiyo ni kazi ya mkono uliotulia, na mkono hautulii kwa wiki moja.

Ni kweli, stichi ndefu hula uzi kidogo na kazi inapanda haraka. Sikatai. Lakini nguo hainunuliwi kwa uzito. Kinachopimwa kwa kilo ni nyama.

Tufanye hesabu. Tuseme uzi umekula shilingi 600 na umekaa masaa 8 ukifuma. Ukijilipa shilingi 100 kwa saa, ambayo si pesa ya kuringia, topu ni 1,400. Sasa kastoma anakuja na ile yake ya "punguza, si ni matundu tu," unaiachilia kwa 800. Ukitoa pesa ya uzi umebaki na 200. Gawanya kwa masaa 8. Umejilipa shilingi 25 kwa saa. Na bado hujahesabu nauli ya kwenda tao kutafuta ile rangi aliitaka.

Kuna kitu kingine wengi hawajui. Sweta inafumwa na mashine kiwandani bila shida. Kroshia halisi hakuna kiwanda kinachoitoa kwa mashine. Zile nguo za mashine zinazofanana nayo kwa kawaida ni ufumaji mwingine unaoiga sura yake tu. Kwa hivyo ukipata kroshia halisi inauzwa bei ya kutupa, usidhani kuna mashine kali mahali. Kuna mtu ameketi na sindano moja, kitanzi kimoja kwa wakati, na kuna uwezekano mkubwa alilipwa vibaya. Tukijilinganisha na hiyo bei, tunashindana na mtu aliyenyonywa. Huo si ushindani wa kushinda.

Na hii si hobi ya juzi. Ireland ilipoingiwa na njaa kubwa ya viazi kuanzia 1845, kuna familia zilizoishi kwa lesi ya kroshia, wanawake wakifuma na kuuza ndio wapate chakula. Hapa kwetu, nyumba ngapi zilikuwa na vitambaa kwa makochi, kwa meza, hadi juu ya TV? Shosho zetu walifuma maua na matundu ambayo leo yanaitwa fasheni, lakini tuliyachukulia kama kitu cha kufuliwa kabla ya wageni kuja. Hatukuwahi kuuliza ilichukua masaa mangapi. Naona tumerithi hiyo tabia, tunaipenda kazi na hatutaki kuuliza gharama yake.

Lakini wafumaji pia niko na neno nanyi. Ukitaka bei ya fundi, fanya kazi ya fundi. Usijaze stichi ndefu kila mahali ndio uokoe uzi halafu uite ni dizaini. Begi likiwa na sakafu ya matundu, funguo na lipubamu zinabaki kwa matatu. Stichi ndefu inanasa kwa zipu na pete, na uzi wa pamba huwa mzito, nguo inashuka kadiri inavyovaliwa. Ziweke mahali zitang'aa: kifuani, kwa mikono, kwa pindo. Sehemu za kubeba uzito zipe stichi fupi. Na ukifuata patani ya mtandaoni, angalia imetoka wapi, maana dabo ya Marekani ndio trebo ya Uingereza. Usipoangalia, topu ya mtu mzima itamtosha mtoto.

Msimamo wangu ni huu. Unayeuza, andika masaa yako kwa karatasi na umwonyeshe kastoma. Akiona 8 imeandikwa, maneno ya hewa yanapungua. Unayenunua, kama huna 1,400 leo, sema huna. Hakuna aibu hapo, sote tunajua vile mwezi huwa. Weka oda, lipa pole pole, au ngoja. Ila usidharau kazi ndio ipungue bei.

Hayo matundu yalipimwa moja moja na mtu. Yalipie.