Mpangaji wa Njombe na Makambako: Haki iko sheriani, ushahidi hauko mkononi

KUPATA chumba cha kupanga mjini Njombe au Makambako huanza kwa namna ileile. Dalali huonyesha chumba, mwenye nyumba hutaja bei, na mpangaji huambiwa alete kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima. Fedha huhesabiwa sebuleni, ufunguo hutolewa, na mazungumzo huishia hapo.

Miezi michache baadaye paa linaanza kuvuja. Au mwenye nyumba anatangaza bei mpya. Au anataka chumba chake kwa ajili ya mwanawe aliyemaliza masomo. Hapo ndipo kila upande hukumbuka makubaliano kwa namna yake, na mara nyingi hakuna karatasi ya kuamua nani anasema kweli.

Je, sheria za Tanzania zinamlinda mpangaji huyu? Jibu ni ndiyo, na zinamlinda mwenye nyumba pia. Tatizo ni kwamba ulinzi huo unategemea kile ambacho mpangaji anaweza kukithibitisha, na wengi huingia ndani ya nyumba wakiwa hawana cha kuthibitisha.

Miji inayokua

Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa. Sensa ya mwaka huo iliukuta ukiwa na watu 702,097. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 889,946.

Kuanzishwa kwa mkoa kulileta ofisi, na ofisi zilileta watumishi ambao hawakuwa na nyumba mjini. Mbao, viazi, chai na parachichi navyo vimevuta wafanyabiashara na vibarua.

Makambako, umbali wa kilomita zipatazo 60 kutoka Njombe, ni njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya hukutana hapo na barabara iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina kituo chake. Mji wa namna hiyo hupokea wageni kila siku, na wageni huanza maisha kwa kupanga. Anayehitaji chumba leo, huku usiku wa Juni katika nyanda hizi ukiwa na baridi kali, hana nafasi kubwa ya kubishana juu ya masharti.

Kilichofutwa mwaka 2005

Wapo wazee wanaokumbuka enzi ambapo kodi ya nyumba ilikuwa na mipaka. Sheria ya Udhibiti wa Pango ya mwaka 1984 iliweka utaratibu wa kodi ya kiwango maalumu, ikazuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila sababu zilizotajwa na sheria, na ikaunda mabaraza ya kusikiliza mashauri hayo.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Hoja ilikuwa kwamba katika uchumi wa soko, udhibiti wa bei huwakatisha tamaa wanaotaka kujenga nyumba za kupangisha. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa kuwa nyumba nyingi za kupanga katika miji yetu hujengwa na watu binafsi, tofali kwa tofali, kwa fedha zao wenyewe.

Hata hivyo, kufutwa kwake kuliacha pengo. Tangu hapo bei ya chumba, ongezeko la kodi na idadi ya miezi ya kulipa kabla ni mambo ya makubaliano ya pande mbili. Mahali ambapo sheria imenyamaza, mkataba ndio unaosema. Na mkataba usipokuwepo, husema mwenye nguvu.

Sheria ya Ardhi inasemaje?

Kufutwa kwa sheria ile hakukumwacha mpangaji mikono mitupu. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ina sehemu nzima inayohusu upangaji. Wengi hudhani kuwa ni sheria ya viwanja na mashamba tu.

Kwanza, upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja unaweza kuwa wa mdomo na bado ukatambuliwa kisheria. Kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kumwambia mpangaji wake kwamba hana haki yoyote kwa sababu tu hawakuandikiana.

Pili, pale ambapo muda wa upangaji haukutajwa, upangaji huhesabiwa kuwa wa vipindi, kwa kufuata kipindi ambacho kodi hulipwa. Anayetaka kuuvunja, awe mwenye nyumba au mpangaji, anapaswa kutoa notisi isiyo fupi kuliko kipindi hicho. Anayelipa mwezi kwa mwezi anastahili notisi ya mwezi mmoja. Anayelipa kwa robo mwaka, miezi mitatu.

Hapa ndipo neno moja hubeba uzito mkubwa. Tuseme chumba ni Sh40,000 kwa mwezi, na mpangaji ametoa Sh240,000 kwa mara moja. Je, kipindi chake ni mwezi au ni nusu mwaka? Mwenye nyumba atasema mwezi, mpangaji atasema miezi sita. Sentensi moja iliyoandikwa siku ya kwanza ingemaliza ubishi huo.

Tatu, mwenye nyumba ana wajibu wa kumwacha mpangaji akae kwa utulivu. Anayebadilisha kufuli, kung'oa mlango au kukata umeme ili mtu ahame mwenyewe anakiuka wajibu huo. Hata mpangaji anayedaiwa anapaswa kwanza kupewa notisi ya maandishi inayotaja deni.

Nne, katika nyumba ya vyumba vingi, paa, kuta kuu, mifereji ya maji na sehemu zinazotumiwa na wote ni mzigo wa mwenye nyumba, isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Paa linalovuja juu ya kitanda cha mpangaji si jukumu la mpangaji.

Wajibu wa mpangaji

Mizani ina pande mbili. Sheria hiyohiyo inamtaka mpangaji alipe kodi kwa wakati, aitunze nyumba, amruhusu mwenye nyumba kuikagua kwa saa zinazofaa, asimpangishe mtu mwingine bila ridhaa, na airudishe nyumba ikiwa katika hali aliyoikuta, ukiacha uchakavu wa kawaida.

Wenye nyumba nao wana vilio vyao. Wapo wapangaji wanaohama usiku wakiacha deni, vioo vilivyovunjika na bili ya maji. Kwa sehemu, ni hofu hiyo inayowafanya wadai kodi ya miezi mingi kabla.

Suala la LUKU

Agosti 2021 Serikali ilianza kukusanya kodi ya majengo kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kukatwa Sh1,000 kwa mwezi, na nyumba ya ghorofa Sh5,000 kwa kila ghorofa. Mwaka 2023 viwango hivyo vilipandishwa hadi Sh1,500 na Sh7,500.

Kodi ya majengo ni deni la mmiliki. Lakini anayenunua umeme katika nyumba ya kupanga ni mpangaji, hivyo fedha hutoka mfukoni mwake. Kwa nyumba ya kawaida ni Sh18,000 kwa mwaka. Kwa anayelipa Sh40,000 kwa mwezi, hiyo ni karibu nusu ya kodi ya mwezi mmoja.

Mpangaji ana hoja halali ya kuomba kiasi hicho kipunguzwe katika kodi ya nyumba. Mahali pa kuitoa hoja hiyo ni katika mkataba, na kumbukumbu za manunuzi ya umeme ndizo ushahidi wake.

Ugomvi upelekwe wapi?

Wengi huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, na mara nyingi hekima yake hutosha. Ikishindikana, Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 imeweka ngazi.

Ngazi ya karibu ni Baraza la Kata. Wananchi wajue kuwa tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, hutoa uthibitisho wa kushindwa huko, na mlalamikaji huenda nao katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Juu yake ipo Mahakama Kuu.

Katika kila ngazi swali la kwanza ni lilelile: una ushahidi gani?

Karatasi moja

Mpangaji ana nguvu siku moja tu, siku ambayo fedha bado ziko mkononi mwake. Akishazitoa, nguvu imehama. Siku hiyo ndiyo ya kuomba karatasi yenye majina ya pande zote mbili, kiasi cha kodi, kipindi cha malipo, muda wa notisi, nani atengeneze nini, nani abebe kodi ya majengo, na lini kodi inaweza kupandishwa. Shahidi atoke ofisi ya serikali ya mtaa. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwa kuwa usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe.

Anayekataliwa karatasi asikate tamaa. Alipe kwa simu au benki badala ya fedha taslimu. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kumbukumbu za namna hiyo zinapokewa kama ushahidi.

Serikali nayo isijivue wajibu. Uganda ilitunga Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji mwaka 2022, ikaweka ukomo wa asilimia 10 kwa mwaka katika upandishaji wa kodi. Hatulazimiki kuiga kila kitu, wala kurudi mwaka 1984. Lakini halmashauri za miji ya Njombe na Makambako hazihitaji sheria mpya ili kuandaa mkataba wa mfano, wa Kiswahili chepesi, wa ukurasa mmoja, na kuuweka katika kila ofisi ya mtaa.

Mwalimu mgeni anayeshuka basi leo stendi ya Makambako akiwa na begi na akiba ya miezi sita hana haja ya kuisoma Sheria ya Ardhi yote. Anahitaji ukurasa huo mmoja kabla ya kuhesabu fedha zake.